Deraya ya Kebo: Ngao au Njia?

Shule inapounganishwa na umeme, kazi ya fundi hukaguliwa kwa macho. Taa zinawaka, feni zinazunguka, kompyuta ya ofisini inafunguka. Mkuu wa shule anatia saini, fundi analipwa, na mambo huhesabiwa kuwa yamekwisha. Kwa waya wa moto na waya wa nyutro ukaguzi wa namna hiyo unatosha, maana mmojawapo ukikosekana taa haiwaki. Kwa sehemu ya tatu ya mfumo, yaani njia ya ardhi ambayo mafundi wengi huiita ethi, hautoshi hata kidogo. Njia hiyo ikikosekana, taa huwaka vile vile. Inaweza kukosekana kwa miaka kumi pasipo mtu yeyote kujua, hadi siku itakapohitajiwa.

Upungufu huo hujificha zaidi katika kebo za deraya, yaani zile kebo nene, nyeusi, zinazozikwa kutoka kwenye mita hadi karakana, maabara, bweni au pampu ya kisima. Hoja ya makala haya ni kwamba deraya ya kebo imezoeleka kufikiriwa kuwa ngao tu, hali ni kipitishi cha umeme kama vipitishi vingine, na kwa hiyo haina budi kufungwa na kupimwa kama kipitishi. Hoja ya pili inafuatana na ya kwanza: jambo hili ni fizikia ya sekondari, na mwalimu wa fizikia hana sababu ya kumwachia fundi peke yake.

Mazoea ya kuiona deraya kuwa ngao yana asili yake. Neno lenyewe ni la vita: mavazi ya chuma ya askari wa kale, na katika zama zetu magari ya jeshi. Mwaka 1850 ndugu wawili Waingereza, Jacob na John Brett, walilaza waya wa telegrafu chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Ulikuwa waya wa shaba uliofunikwa kwa utomvu mgumu wa mti uitwao gutta-percha, pasipo kinga nyingine, nao ulikatika karibu mara tu baada ya kulazwa. Mwaka uliofuata ilizamishwa kebo nyingine iliyozungushiwa nyaya nene za chuma, na hiyo ikadumu. Kebo ya telegrafu iliyofika Unguja kutoka Aden mwaka 1879 ilikuwa ya ukoo huo huo. Katika kebo hizo za bahari chuma kilikuwa na kazi moja tu, ya kustahimili nanga, miamba na uzito wa kebo yenyewe.

Kebo ya umeme wa nguvu ilirithi vazi hilo na kuliongezea kazi ya pili. Mtu akiikata kebo ya kisasa atakuta katikati nyaya za shaba au alumini, kila mmoja ukiwa na kihami chake. Zote zimefungwa katika tabaka laini la plastiki. Juu ya tabaka hilo zimepangwa nyaya za chuma kilichopakwa zinki, zimelala bega kwa bega na kuizunguka kebo kwa mtindo wa parafujo. Na juu ya chuma kuna ganda gumu la plastiki. Nyaya hizo za chuma ndizo deraya. Zinapokea pigo la jembe au la sururu, kama zilivyopokea nanga. Lakini pia zimewekwa ili kihami kikitoboka, umeme uliotoroka upate njia ya chuma ya kurudi ulikotoka, kwa wingi wa kutosha kuyeyusha fyuzi.

(Mwanafunzi mdadisi atauliza kwa nini kebo yenye waya mmoja tu ndani haipewi deraya ya chuma. Mkondo geu unaopita katika waya mmoja huzalisha usumaku unaobadilika kila mara katika chuma kinachouzunguka, na chuma hicho hupata joto bure. Kebo hizo hupewa deraya ya alumini. Nyaya zote za saketi moja zikiwa pamoja ndani ya deraya, usumaku wa mkondo unaokwenda na wa ule unaorudi hufutana.)

Sasa na ichukuliwe shule ya kutwa yenye bustani, kama zilivyo shule nyingi za Tanzania. Mita iko ukutani mwa ofisi, na karakana iko mbali kiasi cha mita 80. Kati yake imezikwa kebo ya deraya, waya wake wa moto ukiwa wa shaba wenye eneo la mkato la milimita za mraba 16, na fyuzi yake upande wa ofisi ni ya ampea 63. Asubuhi moja wanafunzi wanalima matuta. Jembe la mmoja wao linagonga kitu kigumu. Analivuta na kuendelea. Pigo limebonyeza deraya na kupasua kihami cha waya wa moto. Kwa siku chache hakuna jambo. Kisha mvua inanyesha, maji yanaingia katika ufa, na waya wa moto unagusana na chuma cha deraya.

Litakalotokea baadaye halitegemei tena ubora wa kebo wala jembe. Linategemea namna fundi alivyoifunga deraya kule ofisini, na kwa kanuni ya Ohm mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kulitabiri.

Shaba ina ukinzani mahususi wa mikroomu-mita 0.0172 hivi, chuma cha deraya 0.138, yaani mara nane. Waya wa moto wa mita 80 una ukinzani wa omu 0.09. Deraya, iwapo nyaya zake zote kwa pamoja zina eneo la milimita za mraba 70, ina omu 0.16. Na ichukuliwe kwamba sehemu iliyobaki ya mzunguko, kuanzia ofisini hadi transfoma na kurudi kwa njia ya chuma, ina omu 0.25. Ili kurahisisha hesabu, ufa uwekwe mwisho wa kebo, karibu na karakana. Jumla ni omu 0.50. Volti 230 zikigawanywa kwa omu 0.50 zinatoa ampea 460. Fyuzi ya ampea 63 haiwezi kuuvumilia mkondo huo. Itayeyuka kabla ya sekunde 5 kwisha. Karakana inazimika, mwalimu wa zamu analalamika, fundi anaitwa, ufa unatafutwa. Hiyo ndiyo kazi ya pili ya deraya iliyofungwa sawasawa. Tukio zima linaishia kwenye usumbufu.

Hali ya pili ni ya deraya iliyofungwa ovyo. Nyaya chache tu kati ya zote zimeshikwa. Kabati la chuma halikukwanguliwa rangi. Nati imekazwa kwa vidole. Kiungo cha namna hiyo chaweza kuwa na ukinzani wa omu 2, na omu 2 ni kitu kidogo sana machoni pa mtu asiyepiga hesabu. Lakini jumla sasa ni omu 2.5, na mkondo ni ampea 92. Fyuzi ya ampea 63 imetengenezwa ili ivumilie mzigo uliozidi kidogo bila ya kukatika ovyo, na kwa ampea 92 inaweza kukaa zaidi ya saa nzima. Wakati huo wote kiungo kibovu kinapokea kilowati karibu 17 za joto, sawa na pasi za umeme zaidi ya kumi zilizorundikwa mahali penye ukubwa wa ngumi. Na kabati la chuma la karakana, lililoungana na deraya, limesimama kwenye volti karibu 200. Katika maisha ya kweli kiungo hakitakaa hivyo kwa utulivu. Kitaungua, kitalegea, au kitawasha moto.

Hali ya tatu ndiyo ya kuogopwa kupita zote, kwa sababu haina moto, haina moshi, wala haina kelele. Ofisini deraya haikuunganishwa na kitu chochote. Fundi aliikata ikiwa fupi, akaizungushia utepe wa plastiki ili ipendeze, akaingiza nyaya za ndani peke yake katika meni swichi. Kule karakana deraya imeshikwa kwenye kabati la chuma, na kabati limeungwa na fimbo ya shaba iliyopigwa udongoni nje ya ukuta. Mwenye shule akiulizwa atasema kwa dhati kwamba ethi ipo, na atakwenda kuionyesha fimbo. Fimbo hiyo ina ukinzani wa omu 60 kwa udongo, na kipimo hicho si kibaya kwa fimbo moja. Volti 230 kwa omu 60 ni ampea 3.8. Fyuzi ya ampea 63 haitaujua mkondo huo milele. Kabati la karakana, mashine zote zilizofungwa nalo, na deraya yenyewe chini ya bustani, vyote viko kwenye volti karibu 230, usiku na mchana. Dalili pekee ni kwamba uniti za LUKU zinakwisha upesi: wati 870 zinazopasha udongo joto ni uniti 21 kwa siku. Aghalabu lawama itaangukia mita.

Kwa nini volti hizo ni hatari, hilo limechunguzwa kwa muda mrefu. Profesa Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliwapima watu waliojitolea, akatafuta mkondo ambao mtu akiupata mkononi hawezi tena kukiachia alichokishika. Wastani wake ulikuwa miliampea 16 kwa wanaume na 10.5 kwa wanawake. Mwili wa mtu, kutoka mkono hadi miguu, kwa volti za nyumbani, unaweza kukadiriwa kuwa na ukinzani wa omu 1,000. Volti 230 kwa omu 1,000 ni miliampea 230. Mkondo huo ni mara kumi na nne ya ule wa kushindwa kuachia, na ukipita kifuani kwa sekunde moja au mbili unaweza kuuvuruga moyo hata ukaacha kusukuma damu. Mwanafunzi aliyevaa kandambili zilizolowa na kushika mlango wa kabati hahitaji kufanya kosa lolote. Yule mwenzake aliyepiga jembe huenda aliokolewa na mpini wa mti. Hatari imehamia kwa mtu mwingine, mita 80 kutoka pale, siku nyingi baadaye.

Mtu akisoma hesabu hizi ataona kwamba tofauti kati ya usumbufu na kifo ni kifaa kimoja na kazi ya nusu saa. Kifaa hicho ni glandi, yaani kile kiungo cha shaba nyeupe kinachoishika kebo mahali inapoingia katika kabati. Ndani yake kuna koni na pete ya kubana. Fundi hodari huchuna ganda la nje kwa kipimo, akaziacha nyaya za deraya zikiwa wazi. Hazikati nyaya hizo moja kwa moja kwa msumeno wa chuma, maana msumeno ukipita utajeruhi tabaka la ndani. Hukata hadi karibu nusu ya unene wa kila waya, kisha huukunja mbele na nyuma mpaka uvunjike. Huzifungua nyaya kama mwavuli, akaingiza koni chini yake, akahakikisha kwamba kila waya umelala mahali pake juu ya koni, ndipo akaza pete. Waya ulioachwa nje ni sehemu ya njia iliyotupwa. Baada ya kukaza, fundi mwangalifu hufungua tena mara moja na kutazama kama nyaya zote zimebanwa, halafu hufunga kwa mara ya mwisho. Kazi ya nje, kwenye mvua, huhitaji glandi yenye mpira wa kuziba pia juu ya ganda la nje. Ile ya ndani ya nyumba haina mpira huo, na ikitumiwa nje maji hushuka hadi kwenye chuma, zinki ikaliwa, na kutu ikaanza. Mwambao, kuanzia Tanga hadi Mtwara, hewa ya chumvi huiharakisha kazi hiyo.

Lakini glandi iliyobana deraya vizuri bado haijamaliza kazi. Kabati la chuma huwa limepakwa rangi, na rangi ni kihami. Rangi yapasa ikwanguliwe pale glandi inapokaa, na hata hivyo si busara kuutegemea mgusano wa nati na bati peke yake. Kuna pete bapa yenye sikio, inayowekwa kati ya glandi na kabati. Sikio lake hufungwa kwa bolti, na kutoka hapo waya wa shaba wenye rangi ya kijani na manjano hupelekwa mpaka kwenye kipande cha shaba kinachokusanya nyaya zote za ardhi. Kabati likiwa la plastiki, pete hiyo na waya wake ndiyo njia pekee. Pasipo hivyo glandi nzuri ya shaba nyeupe inaning'inia katika plastiki kama pambo. Makosa mengi huzaliwa hapo, na huzaliwa mikononi mwa mafundi wazuri, kwa kuwa makabati ya plastiki yamezidi kuenea na mazoea ya enzi ya chuma hayajabadilika.

Wahandisi hubishana kama deraya iungwe na ardhi ncha zote mbili au ncha moja, hasa jengo la mbali likiwa na fimbo yake yenyewe na mpango wake tofauti. Ubishi huo una sababu nzuri, na jibu hutegemea mpango wa kampuni ya umeme mahali hapo. Hata hivyo pande zote mbili zinakubaliana juu ya upande wa chanzo: huko deraya huunganishwa siku zote. Ncha ya mbali ikiachwa, iachwe kwa makusudi, iwe imehamiwa ili mtu asiweze kuigusa, na iandikwe kwenye karatasi ya kazi.

Wapo watakaosema kwamba fimbo ya shaba inatosha, kwa sababu "umeme huingia ardhini na kupotea". Usemi huo umeenea mno, na hata walimu huurudia. Umeme haupotei. Mkondo unaoingia udongoni unatafuta kurudi kwenye transfoma iliyouzalisha, na udongo ni kipitishi kibaya mno ukilinganishwa na chuma. Fimbo ya mita 1.5 yenye kipenyo cha milimita 16, katika udongo wenye ukinzani mahususi wa omu-mita 100, huwa na omu 60 hivi. Katika mchanga mkavu wa omu-mita 1,000 fimbo ile ile ina omu 600. Kuifanya nene mara mbili kunapunguza zile omu 60 hadi 52 tu. Kuifanya ndefu mara mbili kunazipunguza hadi 33. Ndiyo maana fundi anayeongeza urefu anajua anachokifanya, na yule anayenunua fimbo nene anawafurahisha wauza vyuma. Baadhi ya watu humwaga chumvi na mkaa kuizunguka fimbo. Chumvi hushusha ukinzani kweli, kwa msimu mmoja au miwili. Kisha mvua huifagia, na muda wote huo imekuwa ikila chuma.

Lakini ziko sehemu ambako mteja hana njia ya chuma ya kurudia hadi transfoma, na fimbo yake ndiyo yote aliyo nayo. Hapo hesabu ya ampea 460 haipo, hata deraya ikifungwa kwa ustadi wa namna gani. Shule ya namna hiyo inahitaji swichi ya kukata umeme unaovuja, iwekwe upande wa mita, kabla ya kebo kuanza. Swichi hiyo hulinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi. Ukipungua kwa kiasi kilichowekwa, tuseme miliampea 300, hukata. Kwa fimbo ya omu 60, miliampea 300 haziwezi kuinua kabati zaidi ya volti 18, na kiwango kinachokubaliwa kwa kawaida kuwa mwisho wa usalama ni volti 50. Katika mchanga wa omu 600 hesabu inageuka: miliampea 300 ni volti 180, kwa hiyo fimbo ziongezwe au swichi iwe ya miliampea 30.

Swichi hizo zimezua hoja mpya, kwamba mambo ya ardhi sasa yamepitwa na wakati. Hoja hiyo ina mvuto, lakini haisimami. Kwanza, swichi hiyo mara nyingi hufungwa katika kabati la jengo la mbali, na hailindi hata mita moja ya kebo iliyo nyuma yake. Pili, swichi haiwezi kuona umeme ambao haujavuja. Deraya isiyounganishwa na ardhi ikipata moto, hakuna kinachovuja, swichi inatulia. Kinachosubiriwa ni njia, na njia ya kwanza kujitokeza ni mwili wa mtu. Swichi ya miliampea 30 iliyo nzima inaweza kukata kabla hajafa. Lakini kumfanya mwanafunzi awe kipima-hitilafu cha shule ni mpango ambao hakuna bodi ya shule ingeupitisha kama ungeandikwa waziwazi.

Kuhusu gharama, inatosha kusema kwamba glandi mbili na pete zake ni sehemu ndogo mno ya bei ya mita 80 za kebo. Anayeziruka hafanyi hivyo kwa ajili ya fedha peke yake. Huziruka kwa kuwa hakuna atakayeona.

Hapo ndipo mwalimu wa fizikia anapoingia. Hatakiwi kufungua meni swichi, wala asimruhusu mwanafunzi kufanya hivyo. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Anachotakiwa ni kujua maswali ya kuuliza, na kuwafundisha wanafunzi kwamba jibu la swali la ardhi ni namba. Tangu Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 na kuanza kazi kwa Wakala wa Nishati Vijijini mwaka 2007, nguzo za umeme zimefika katika vijiji vingi ambavyo mwalimu huyo ndiye mtu pekee aliyewahi kuandika kanuni ya Ohm ubaoni. Akinyamaza yeye, hakuna mwingine.

Somo lenyewe halihitaji vifaa vya kifahari. Mita 10 za waya wa kufungia nondo, ambao ni wa chuma, na mita 10 za waya wa shaba wenye unene ule ule, viungwe mfululizo pamoja na balbu ya tochi na betri kavu. Mkondo ni mmoja katika zote mbili. Voltimita ikihamishwa kutoka waya mmoja hadi mwingine, wanafunzi wataona wenyewe kwamba volti za chuma ni mara nyingi zaidi ya za shaba. Wasishangae wakipata mara saba au tisa, kwa maana chuma cha kila kiwanda kina mchanganyiko wake. Kisha balbu ile ile iungwe kupitia bati la kopo lililopakwa rangi: haitawaka. Rangi ikwanguliwe kwa kisu pande zote mbili za mgusano, na itawaka. Jaribio hilo la dakika tano linaeleza habari za glandi na kabati kuliko mchoro wa kitabu. Plagi ya miguu mitatu nayo ipitishwe darasani: mguu wa ardhi ni mrefu kuliko mingine, ili uguse wa kwanza na kuachia wa mwisho. Waliouchora mwaka 1947 walikwisha kuamua ni waya upi wenye haki ya kutangulia.

Halafu darasa liende ofisini kwa mkuu wa shule kutazama karatasi ya kazi. Karatasi inayosema "ethi ni nzuri" haisemi kitu. Inayofaa ina vipimo angalau vitatu: ukinzani wa njia ya deraya kutoka ncha moja hadi nyingine, ambao kwa kebo ya mfano wetu ungekaribia omu 0.16 na usingefika hata omu moja. Ukinzani wa kihami, uliopimwa kwa volti 500 za mkondo mnyoofu na usiopungua omu milioni moja. Na ukinzani wa fimbo kwa udongo, pamoja na tarehe uliyopimwa. Tarehe ina uzito wake. Dodoma mvua huanza kama Desemba na kwisha kama Aprili, na kuanzia hapo udongo hukauka mwezi baada ya mwezi. Fimbo iliyopimwa Aprili ikaonyesha omu 60 ipimwe tena Oktoba, na namba ya Oktoba ndiyo itumike katika hesabu.